Sikio la Mama Nasteha

Mtaa wa zamani wa Homa Bay unashuka taratibu hadi ziwani. Nyumba zake zilijengwa na Wahindi, za mawe, zenye veranda pana na nguzo nene, na juu ya milango kadhaa bado unaweza kusoma mwaka wa ujenzi kwenye plasta: 1928, 1934. Wenyewe wengi walishahama. Ghala la pamba likawa baa, duka la cherehani likawa baa, na nyumba ya tajiri mmoja wa samaki ikawa ukumbi wa ohangla, muziki wa ngoma za Kijaluo. Jumamosi, kuanzia saa tisa mchana, ukiteremka mtaa huo unatoka kwenye muziki mmoja na kuingia kwenye mwingine kama mtu anayepita vyumba vya nyumba moja. Rumba kwanza, kisha ohangla, kisha nyimbo za injili kutoka kwa fundi wa simu, na mwisho kabisa, karibu na maji, benga, muziki wa magitaa.

Benga ilikuwa ya kwa Phelesia. Baa aliirithi kwa mamake, na pamoja na baa alirithi bendi iliyoitwa Arujo Boys, ingawa mdogo kuliko wote humo alikuwa na miaka arobaini na minne. Mkubwa wao alikuwa Nicanor Odera, mpiga gitaa la solo. Aliingia humo akiwa na miaka ishirini na miwili, na sasa alikuwa na sitini na tatu. Watu walitoka Rongo na Migori kuja kumsikiliza. Walikuwa wakisema vidole vyake vinaongea Dholuo safi kuliko chifu.

Jirani yao wa ukuta mmoja alikuwa Habon, mwanamke wa Kisomali kutoka Garissa, aliyeuza vitambaa, mapazia na magodoro. Mtaani walimwita Mama Nasteha, kwa jina la binti yake. Mumewe, Noor, alikuwa akiendesha duka lao la pili huko Migori. Habon alipofika miaka ishirini na miwili iliyopita, wengi walidhani hangemaliza mwezi kabla ya kwenda kulalamika kwa sababu ya kelele. Hakulalamika. Aliomba jambo moja tu, kwamba Ijumaa mchana wasubiri sala iishe, na bendi ikasubiri kila Ijumaa. Ndani ya baa hakuwahi kukanyaga. Lakini paa lilikuwa moja, na juu ya ukuta uliotenganisha baa na duka palikuwa na matundu ya hewa ya mtindo wa zamani, kwa hiyo kila wimbo uliopigwa kwa Phelesia ulipigwa pia kwa Habon.

Alhamisi moja ya mwezi wa sita, baada ya mazoezi, Nicanor alikuwa kwenye veranda akipangusa gitaa kwa kitambaa. Habon alitoka dukani na kikombe cha chai, akasimama kidogo kama mtu anayepima maneno.

"Mzee Nicanor, nikuulize kitu na usikasirike?"

"Uliza tu, Mama Nasteha."

"Ile waya yako nyembamba ina shida gani?"

Nicanor alimtazama. "Haina shida. Nilifunga mpya juzi."

"Basi si waya," Habon alisema. "Tangu mvua zianze, ukipanda kule juu, sauti inakosa njia. Inakaribia kufika halafu haifiki. Zamani haikuwa hivyo."

Nicanor hakuwa mtu wa kugombana na wanawake wa watu, lakini damu ilimchemka. Miaka arobaini na moja ya gitaa, halafu anafundishwa kupiga na muuza magodoro ambaye hajawahi hata kuona jukwaa lenyewe. Alisema, "Asante, nimesikia," kwa sauti ambayo haikuwa na asante ndani yake, akarudi ndani.

Ndani Austine alikuwa akikunja nyaya. Austine ndiye aliyepiga gitaa la ridhimu na kuimba, na Nicanor ndiye aliyemfundisha yote mawili. Kando yake Magige, mpiga ngoma kutoka upande wa Kuria, alikuwa akifungua matoazi yake.

"Sikieni maajabu," Nicanor akasema akicheka. "Jirani anasema gitaa langu linakosa njia."

Alingoja wacheke naye. Austine aliendelea kukunja waya uliokuwa umeshakunjwa. Magige alitazama sakafu.

"Austine?"

"Mzee, watu husema mengi."

"Sijakuuliza watu."

Austine akainama juu ya waya. Magige ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Mzee, ni tangu Krismasi," alisema polepole. "Zile noti za juu unazigusa kando. Mwanzo ilikuwa mara moja moja."

Yakatoka yote. Kwamba Austine alikuwa akiwahi kufika ili akaze nyuzi za gitaa la Nicanor kabla mwenyewe hajaja, maana Nicanor akizikaza sauti inakuwa juu kupita kiasi. Kwamba kila alipopanda kwenye noti za mwisho, Austine aliongeza sauti ya gitaa lake ili kumfunika. Na Phelesia alijua. Alikuwa ameisogeza spika ya Nicanor ikatazama ukuta, akisema ni kwa ajili ya kupisha meza.

Nicanor alikaa kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya. Kusikia kwamba masikio yake yamepungua hakukumuuma sana, kwani mtu wa sitini na tatu hutarajia kupungukiwa na kitu. Kilichomuuma ni ile miezi sita ya kusitiriwa. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akiinama watu walipopiga makofi, na wenzake nyuma yake wakijua. Aliliweka gitaa juu ya meza, akatoka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaenda nyumbani mikono mitupu.

Nyumbani kulikuwa Rodi Kopany, nyuma ya soko. Mkewe, Teresa, alimwona akiingia bila gitaa, akaandaa chakula. Baada ya chakula ndipo Nicanor alipomweleza, na Teresa akaweka sahani chini.

"Kwa hiyo ni masikio," akasema.

"Wanasema hivyo."

"Baba Lynnet, mimi tangu Krismasi naongea na wewe hunijibu. Nilidhani umeanza kiburi cha uzee. Nilimwambia hata dadangu kwamba umenichoka." Akatikisa kichwa, na Nicanor hakujua kama ni kicheko au machozi. "Miezi sita nimekununia bure."

Siku zilizofuata Nicanor alipalilia mahindi ambayo hayakuhitaji kupaliliwa. Austine alipiga simu, hakushika. Phelesia akatuma ujumbe kwamba gitaa analo chumbani kwake, salama, na Jumamosi wanapiga bila solo. Wazo kwamba wanaweza kupiga bila yeye lilimkaa moyoni. Jumamosi mbili zikapita.

Siku ya soko, wiki ya tatu, Teresa alimwita kutoka shambani. Habon alikuwa ameketi sebuleni, ameweka furushi la vitambaa kando ya mguu, amekuja sokoni na kuulizia njia hadi kwao. Nicanor alisalimia akiwa mlangoni. Alitamani kugeuka arudi shambani, lakini mgeni ni mgeni, na huyu alikuwa ameshapewa chai.

"Oyawore," Habon akamsalimia kwa Dholuo chake kidogo cha sokoni. "Nimekuja kwa sababu gitaa lako limekuwa kimya na mimi ndiye niliyeharibu."

"Hujaharibu. Ulisema ukweli."

"Nilikaa na neno hilo wiki sita kabla ya kukuambia. Nilijua utakasirika. Nilingoja wenzako waseme, nikaona hawasemi, wanakuheshimu sana. Nikajiambia, mimi siko bendini. Mimi akinichukia, bendi itabaki."

Teresa aliingilia. "Lakini mama, wewe ulijuaje? Huingii baa. Mimi mwenyewe, mkewe, sikujua."

Habon alikizungusha kikombe mkononi. "Nitawaambia. Tulipokuja Homa Bay, Nasteha alikuwa na miezi miwili. Noor alikuwa safarini kila wiki akileta bidhaa. Mimi sikuwa na dada hapa, sikuwa na mama, Kiswahili changu kilikuwa cha maneno kumi. Mtoto alikuwa analia kuanzia asubuhi mpaka anakuwa rangi ya bluu. Hospitalini wanasema ni tumbo, litapita. Mimi nalia naye. Siku moja, kama saa nne asubuhi, gitaa likaanza upande ule. Mtu mmoja tu, hakuna ngoma. Mtoto akanyamaza. Nikamshika nikasimama karibu na ukuta mpaka akalala."

Nicanor alikuwa ameketi sasa. Miaka ile alikuwa na desturi ya kwenda baa asubuhi, kabla ya wateja, kujaribu nyimbo mpya peke yake.

"Ulipoacha, aliamka akalia," Habon akaendelea. "Halafu ukaanza tena, kutoka mwanzo. Kesho yake vilevile. Ulipiga asubuhi zote mpaka mtoto akapona. Noor alisema niende nikushukuru, lakini kuingia baa siwezi, na wewe ukipita kwa veranda ulikuwa unapita haraka. Basi ikabaki hivyo. Lakini mimi najua gitaa lako vile najua sauti ya watu wangu. Likikohoa nasikia."

Nicanor aliinamisha kichwa. Mabega yakaanza kumtikisika, na Teresa akafikiri analia, kumbe anacheka.

"Mama Nasteha, nakumbuka huyo mtoto. Nikimaliza wimbo tu, analia. Nikadhani ananizomea. Nikajiambia, hata mtoto mchanga hapendi wimbo huu, hebu niurudie niupige vizuri. Nilikuwa narudi kila asubuhi kumshinda huyo mtoto."

Habon aliweka kikombe chini asimwage chai. Walicheka wote watatu, cheko refu lililoisha na kuanza tena, na lilipotulia Nicanor aliona kwamba hasira ya ile Alhamisi imemtoka.

"Huyo mtoto," Habon alisema akifuta macho kwa ncha ya mtandio, "sasa anafanya kazi kwenye duka la dawa Migori. Kuna kliniki ya masikio barabara hiyohiyo. Ameshaongea nao. Jumanne wanakungoja."

Jumanne Nicanor na Teresa walikuwa Migori kabla ya saa tatu. Nasteha aliwapokea mlangoni pa duka la dawa, msichana mrefu mwenye miwani, akamwinamia Nicanor kidogo na kumwamkia shikamoo. Nicanor alimtazama juu hadi chini, akasema, "Ulikuwa mkali sana, wewe." Mamake alikuwa ameshamsimulia, na Nasteha akatabasamu.

Mpimaji aliitwa Kezia, mama wa makamo asiye na haraka. Kwanza aliosha masikio na kutoa nta ambayo Teresa alikataa kuitazama. Halafu akamwingiza Nicanor kwenye kijumba kidogo kisichopitisha sauti, akamvalisha vipokea sauti na kumwambia ainue mkono kila anaposikia mlio. Zile sauti nene aliinua mkono bila shida. Halafu ikafika mahali akakaa, akangoja, akangoja. Kupitia kioo aliona Kezia bado anabonyeza. Hapo ndipo alipoelewa kwa mwili wake mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, kwamba kuna sauti chumbani ambazo hazimfikii.

"Ulikuwa unasimama wapi jukwaani?" Kezia alimuuliza baadaye.

"Kati ya spika na matoazi."

"Kwa miaka mingapi?"

"Arobaini na moja."

Kezia akaandika. Alieleza bila kuficha kwamba kilichokufa ndani ya sikio hakifufuki, ila kilichobaki kinaweza kusaidiwa na kulindwa. Mashine ndogo za kuvaa nyuma ya sikio zingemrudishia sehemu ya zile sauti nyembamba, si zote. Na mwanzo zingemuudhi.

Teresa aliuza ndama, na baada ya wiki mbili walirudi kuzichukua. Kezia alipoziwasha, Nicanor alishtuka. Kulikuwa na kitu kinachochakarika chumbani kama panya kwenye makuti. Alitafuta kila pembe kabla ya kuona kwamba ni Teresa, anakunja mfuko wa plastiki.

"Zinafanya kazi?" Teresa aliuliza. Alikuwa ameuliza kwa sauti ya chini, ile sauti yake ya zamani kabla ya miezi ya kupaza, na Nicanor alikuwa amesahau kwamba mkewe ana sauti hiyo.

"Rudia," akamwambia.

"Nirudie nini?"

"Chochote."

Kezia alijishughulisha na droo yake.

Gitaa, hata hivyo, halikurudi kirahisi hivyo. Siku ya kwanza aliyolishika tena, chumbani kwa Phelesia, lilisikika kama mtu anapiga bati. Alizivua mashine, akazivaa, akazivua. Alienda hivyo mwezi mzima, kila asubuhi saa nne baa ikiwa tupu, akijifunza upya masikio yake: noti hii naisikia, hii naisikia nusu, hii sina tena. Austine alikuwa akija kukaa naye. Siku ya kwanza walipiga tu. Siku ya pili Austine alisema, "Mzee, nisamehe, nilikuwa nakufunika."

"Ulinifunika kama mtoto anayemfunika babake blanketi," Nicanor akajibu. "Lakini siku nyingine niamshe."

Waliamua mambo matatu. Matoazi ya Magige yalihamia upande wa pili wa jukwaa. Nyuzi za gitaa zingekazwa kwa kufuata kifaa chenye taa, wala si kwa sikio la mtu. Na zile solo za juu kabisa, zilizomfanya Nicanor aitwe Nicanor, zingepigwa na Austine. Hilo la mwisho Nicanor alilisema mwenyewe, na alipolisema ilibidi atoke nje kwanza, akatazama ziwa na maboti yaliyotoka kisiwa cha Takawiri, kisha akarudi. Yeye angeteremka kwenye nyuzi za kati, mahali alipokuwa amepapuuza tangu ujana kwa sababu watu hawapigi makofi huko. Akagundua, kidogo kidogo, kwamba huko kuna nafasi kubwa. Wimbo mmoja wa zamani aliupunguza mwendo, akaujenga upya wote kwenye nyuzi nene, na Phelesia alipousikia kutoka jikoni alizima jiko akaja kusimama mlangoni.

Kilibaki kitu kimoja. Nicanor alitaka kumshukuru Habon, na kuku wawili aliowatuma na Teresa hawakumtosha. Alitaka kumpa kazi ya mikono yake. Alimwambia Phelesia, na Phelesia akafikiri siku nzima, halafu akasema, "Yeye hawezi kuja kwetu. Sisi tuna miguu."

Jumapili iliyofuata, saa nne asubuhi, baa ilikuwa imefungwa na kreti zote zimeingizwa stoo. Bendi ilitoa viti kwenye veranda, mbele ya duka la vitambaa. Hakukuwa na spika kubwa, ni amplifaya moja ndogo, na Magige alipiga ngoma kwa brashi. Noor alikuja kutoka Migori pamoja na Nasteha. Habon aliketi mlangoni pa duka lake, amevaa baibui jipya, mikono imetulia mapajani kama mtu aliye kwenye hafla ya shule. Waliotoka kanisani wakasimama. Fundi wa simu alizima redio yake. Hata wapiga ohangla wa juu waliteremka, wakakaa kwenye ngazi.

Kabla ya kuanza, Nicanor alisimama. Hakuwa mtu wa hotuba. Alisema kwa Kiswahili, ili wote waelewe, kwamba kuna watu waliompenda wakanyamaza, na hao anawashukuru. Na kuna mmoja aliyempenda akasema. "Huyo," akasema, "sijui nimshukuru na nini, kwa hiyo nitapiga. Erokamano, Mama Nasteha."

Alianza na ule wimbo wa asubuhi za zamani, ule aliokuwa akiurudia kumshinda mtoto. Nasteha alisikiliza akiwa amesimama nyuma ya mamake. Wimbo huo ulikuwa na jina la kijiji, haukuwahi kurekodiwa, na wengi pale hawakuujua. Katikati ya wimbo Nicanor aliinua macho akaona kiti cha Habon ni kitupu.

Vidole havikusimama. Alimtafuta Teresa kwa macho. Teresa aliinuka, akaingia dukani, akatoka baada ya muda, akamwinamia sikioni. Hakuhitaji kupaza.

"Yuko ndani, ameketi kwa magodoro. Anasema hapa nje ni pazuri lakini amezoea kukusikia kutoka kule. Anasema usiache."

Nicanor alicheka akiwa anapiga. Alikigeuza kiti chake kidogo, hadi kifua cha gitaa kikawa kinatazama mlango wa duka, na akarudia wimbo kutoka mwanzo. Noor, aliyekuwa ameachwa peke yake mbele ya watu wote, alianza kupiga makofi kwa mdundo, kwa aibu mwanzoni, na wapiga ohangla wakampokea.

Walipiga nyimbo saba. Wakati wa wimbo wa tano Austine alipanda kule juu kabisa, na Nicanor, ambaye alisikia sehemu tu ya noti zile, alijua kutokana na nyuso za watu kwamba zimefika. Alimtikisia kichwa kumkubali. Habon alitoka mwishoni akiwa na chupa mbili kubwa za chai ya tangawizi na mahamri, macho yake mekundu, akamimina kwa mkono wake mwenyewe kuanzia kwa Magige.

"Sasa?" Nicanor alimuuliza alipomfikia. "Linakosa njia?"

Habon alifikiri kwanza, kwa sababu alikuwa ameulizwa kwa dhati. "Limebadilika," alisema. "Limekuwa la mtu mzima. Mimi nalipenda."

Nicanor bado anapiga kwa Phelesia, Jumamosi, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili, na wanaotafuta zile solo za zamani hupewa na Austine. Amewapeleka kwa Kezia wapiga muziki kumi na mmoja wa mtaa ule, mmoja baada ya mwingine, wengine kwa kuwabembeleza na mmoja kwa kumshika mkono, na Magige sasa huweka vizibo masikioni kabla ya kukaa kwenye ngoma. Mchana ule wa Jumapili, viti viliporudishwa ndani, Nicanor na Teresa waliteremka hadi majini, wakakaa kwenye jiwe na mahamri yaliyobaki. Teresa alimsimulia habari za dadake, za mtoto wao Lynnet, za jirani aliyehamisha ua, mambo yote ya miezi sita aliyokuwa ameyasema bila kujibiwa. Nicanor alisikiliza na kujibu kila moja.